Kwako Inapanda, Kwangu Inashuka

Jumapili, tarehe 3 Machi

Dada Tanuri,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo, lakini simu yetu mimi na wewe mwisho wake unajulikana: mmoja anakata, mwingine ananuna wiki nzima. Kwenye barua huwezi kunikatiza. Nimempa dereva wa lori la unga, yule anayeleta magunia kwenye kiwanda chenu cha mikate. Amesema bahasha atabeba, ila ugomvi wetu asibebeshwe.

Mama hajambo. Hizi wiki mbili alizokaa kwangu sukari yake imetulia. Unakumbuka ulivyonipigia unalia kwamba kila akipima baada ya chakula cha mchana inasoma kumi na tatu, kumi na nne? Hapa inasoma nane, siku nyingine saba na kitu. Jioni vivyo hivyo. Vidonge ni vilevile ulivyomfungia kwenye mfuko, na mama ni yuleyule. Kilichobadilika ni nyumba.

Sisemi kwa ubaya, Dada. Nauliza tu, unampa nini mchana? Usinijibu "wali kidogo," maana mkono wako naujua. Wewe ukipakua kidogo, watu wawili wanashiba na paka anapata chake.

Nimemnunulia kitanda chake mwenyewe na nimekiweka upande wa dirisha. Yule wakili ninayemchapia kazi zake amenikubalia niwe natoka mchana kuja kumwangalia. Kwa hiyo naona mama abaki huku. Sisemi mpaka mwisho wa mwezi kama tulivyopatana. Abaki moja kwa moja. Wewe unaingia kwenye tanuri alfajiri, unarudi saa saba mchana umeungua vidole na huna hata nguvu ya kuvua viatu. Mgonjwa wa sukari anataka mtu mwenye nafasi. Umemtunza miaka yote, sasa pumzika.

Usinune.

Mdogo wako,
Katibu


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Katibu,

Marahaba, ya shingo upande. Barua yako nimeisoma mbele ya tanuri na nusura niitupe ndani.

Nipumzike? Nani alikwambia nimemchoka mama yangu? Mtu akimchoka mama yake anasema mwenyewe, hasemewi na mdogo wake kutoka mji mwingine.

Unataka kujua nampa nini mchana. Haya, chapa. Wali wa kupima kwa kikombe kile kidogo cha kahawa chenye mpini uliovunjika, na hakijai. Samaki wa kuchemsha. Maharagwe. Mboga za majani mpaka sahani haionekani. Juisi nimeipiga marufuku. Mikate ninayooka mimi inalisha mtaa mzima, mama anaionja kwa pua. Jioni nimempunguzia mpaka naona haya kumwekea sahani mbele. Na bado inapanda! Nilidhani anaficha peremende. Nikapekua kabati, nikapekua chini ya godoro kama polisi, Mungu anisamehe, nikakuta soksi tu.

Na kabla hujauliza, asubuhi simwachi mikono mitupu. Kila siku kabla sijatoka namwachia mayai mawili ya kuchemsha nimeshayamenya, kipande cha mkate wa ngano isiyokobolewa, parachichi, na chupa ya chai isiyo na sukari. Nafunika vizuri. Nikirudi nakuta sahani imeoshwa na imepangwa mahali pake.

Sasa nikutolee ya moyoni. Tangu utoto wako ni hivyohivyo. Mimi ninafua, ninapika, ninampeleka kliniki na kukaa naye kwenye benchi mpaka makalio yanakufa ganzi. Wewe unakuja mara moja kwa mwaka na gauni la zawadi, na mama anazunguka nalo mtaa mzima: "Mmeona alichoniletea Katibu?" Mimi ananiita "wewe." "Wewe, njoo ushike hapa." Nikajisemea si neno, angalau mimi ndiye ninayejua mwili wake, anaumwa wapi na anapenda mto wa urefu gani. Leo unaniambia hata damu yake imekuchagua wewe. Kimashine cha kutoboa kidole nacho kimehamia upande wako.

Ni wivu? Ndiyo, ni wivu. Uandike kwa herufi kubwa na upige mstari chini yake.

Mama atarudi mwisho wa mwezi kama tulivyopatana.

Dada yako,
Tanuri


Jumatano, tarehe 13 Machi

Dada,

Shikamoo tena. Nimeipokea barua yako. Ilikuwa na unga, na ilikuwa na moto pia.

Jana nilimpeleka mama kliniki ya sukari ya huku. Muuguzi ni mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Nikamweleza habari zote, kwako inapanda, kwangu inashuka, chakula cha mchana karibu ni kilekile. Nilitegemea ataniuliza habari za wali. Hakuuliza. Aliuliza, "Na asubuhi?"

Amesema hivi. Mwenye sukari ya aina ya mama akikaa bila kula asubuhi, chakula cha mchana kilekile, kwa kipimo kilekile, kinampandisha zaidi. Na cha jioni kinafuata mkumbo. Mwili uliokaa na njaa tangu jana usiku unakipokea chakula cha mchana kama mgeni aliyekuja bila taarifa: vyombo havijaoshwa, kiti hakipo, kila mtu anahangaika. Lakini mtu akianza siku na chakula cha maana, mayai, maharagwe, kitu kama hicho, si chai tupu wala kitumbua, basi mchana mwili unakuwa umeshaamka na umejipanga. "Miili haifanani," akasema, "ndiyo maana mnapima." Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Nimefikiria njia nzima. Kwangu mama akiamka tu anakaa mezani anakula. Simbembelezi wala simlazimishi. Mara nyingi natoka bafuni nakuta ameshamaliza na anachungulia dirishani. Kwako unasema sahani inaoshwa. Dada, sahani kuoshwa si chakula kuliwa. Umewahi kumwona akila? Wewe saa hizo uko kazini.

Usikasirike nikikuambia ninavyoona. Labda kwako hana raha ya kula. Nyumba ya ghorofa ya tatu, ngazi nyingi, peke yake tangu alfajiri, mtu anakosa hata hamu. Hapa anakula kama mtu aliye kwake. Roho yake imetua, na mwenye roho iliyotua chakula kinapita.

Fikiria vizuri habari ya kubaki. Si kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Katibu


Jumatatu, tarehe 18 Machi

Katibu,

Nilikuwa na barua nyingine ya kukutukana, tena ndefu. Nimeichana.

Unamkumbuka fundi viatu anayekaa chini ya ngazi zetu, yule mwembamba tuliyempa jina la Uzi? Mwaka jana Uzi aliota tumbo. Nikawa namtania, "Uzi, umeoa kwa siri?" anacheka tu na kupiga msumari. Tangu mama aje kwako, tumbo limepungua. Nilikuwa naliona kila siku nikipita wala halikuniingia akilini, mpaka barua yako iliponichoma.

Juzi nikashuka nikamsimamia. Nikamuuliza, "Uzi, mama yangu alikuwa anakupa nini?"

Akaweka nyundo chini. "Dada, alinikataza nisiseme."

"Mimi ndiye ninayenunua hayo mayai. Sema."

"Kila asubuhi ukishaondoka ananishushia sahani. Mayai, mkate, parachichi. Nikimaliza anaichukua, anapanda nayo kwenda kuiosha."

"Na yeye anakula nini?"

"Anakunywa maji ya moto. Nikimuuliza anasema saa yake ya kula haijafika."

Katibu, fikiria. Yale mayai nayamenya gizani kwa vidole vilivyoungua, ili mama asihangaike na maganda, na yakanenepesha fundi viatu. Ngazi zile zote, na magoti yake yale, anashuka kwenda kumlisha mwanaume mzima mwenye mikono miwili! Nilimwonea wivu Uzi. Ucheke kama unataka kucheka. Yeye amekula mbele ya mama yangu kila asubuhi, mimi sijawahi.

Sijui kwa nini alifanya hivyo. Labda chakula changu hakipendi na ameona haya kuniambia. Labda ni kweli ulivyosema, kwangu hana raha. Muulize wewe, kwako anasema. Mimi nikimuuliza ataniambia, "Wewe, acha maneno."

Nimekaa na jambo hili siku nzima. Kama kwangu anakaa na njaa mpaka mchana na kunificha, na kwako anaamka na kula, basi sina la kubishania. Siwezi kumng'ang'ania mtu ili nimwue kwa mapenzi. Abaki kwako. Nimeandika mwenyewe, usiniandikie tena kuniuliza kama nina hakika. Nguo zake nyingine nitazifunga na kumpa dereva wa unga.

Mto wake ni ule mwembamba. Ukimpa mnene anaamka shingo ikiuma na halalamiki.

Tanuri


Ijumaa, tarehe 22 Machi

Kwa mwanangu Mkubwa,

Ni mimi mama yako. Macho yangu hayashiki tena herufi, kwa hiyo nasema na Katibu anaandika. Nimemwambia aandike kila ninalosema, asipambe, si ndiyo kazi yake?

(Ndiyo kazi yangu. Naandika anavyosema. Katibu.)

Nimesomewa barua yako. Uzi mbea sana. Mwambie nikikutana naye atanitambua.

Wewe Mkubwa, nani alikudanganya kwamba sipendi chakula chako? Mayai yako nilikuwa nayatamani mpaka mate yananijaa, ndiyo maana nilikuwa nayatoa ndani haraka. Yakibaki mezani ningeyala. Na nikila asubuhi, saa saba unaporudi ninakuwa nimeshiba. Nikiwa nimeshiba, wewe hukai. Nakujua. Unachota chakula kwenye sufuria, unakula umesimama karibu na sinki huku unafungua bili za umeme. Umekula umesimama tangu ulipopata kazi ile, na kabla ya hapo ulikula umesimama kwa sababu ulikuwa unalisha wenzako. Lakini ukinikuta nina njaa, unasema, "Mama, bado hujala?" Unaandaa meza. Unakaa. Tunakula pamoja, unanieleza nani ameunguza mikate na nani amegombana na msimamizi. Hiyo ndiyo saa yangu. Nilikuwa naingoja tangu mlango unapofungwa alfajiri. Njaa si kitu. Njaa ukiwa na mtu unayemsubiri inapita.

Sikujua kwamba ndiyo inayopandisha sukari. Nilidhani nikikaa bila kula inashuka. Jana tumerudi kliniki, muuguzi ameniambia kwamba nilikuwa najimaliza mwenyewe, na nimeona haya.

(Hapa nilimuuliza: na kwangu, mama? Kwa nini kwangu unakula mapema? Amejibu yafuatayo. Nilimwomba arudie nisije nikakosea. Amerudia.)

Kwa Katibu nakula mapema kwa sababu sina sababu ya kuchelewa. Huyu sina wasiwasi naye. Tangu mdogo huyu anakula amekaa, na watu wamemzunguka. Hahitaji kusubiriwa.

Mkubwa, usinifungie nguo. Kitanda cha huku ni kizuri, mtoto amejitahidi, dirisha lina upepo. Lakini nataka kurudi nyumbani. Nitakula asubuhi, naapa, hata kama nitakula nikiwa nimenuna. Ila unitafutie njia tuwe na saa yetu.

Mama yako

(Imeandikwa na Katibu kama ilivyosemwa. Sijaongeza, sijapunguza.)


Jumanne, tarehe 26 Machi

Mdogo wangu,

Nikisema sikufurahi nitakuwa mwongo, na wewe utajua. Nilikaa juu ya gunia nikaisoma, nikairudia, msimamizi akadhani nimefiwa. Miaka yote hii nilidhani mimi ni mikono tu katika nyumba ile. Kumbe kuna mtu alikuwa anakaa na njaa ili nipate kukaa kitini.

Kisha nikaona mwandiko ni wako, na furaha ikaniishia mdomoni.

Kwa nini hukuruka ile sehemu? Ungesema karatasi iliishia hapo, nani angejua? Mama alikuwa anasema haraka, unamjua. Alimaanisha wewe umejitosheleza, una akili, maisha yako yamekaa sawa. Amewahi kuniambia hivyo mwenyewe, kwamba Katibu hajawahi kumnyima usingizi. Ni sifa ile. Usiisome kwa jicho lingine.

Mpango wa huku ni huu. Mikate ya kwanza ikishatoka kuna nafasi kidogo kabla ya unga wa pili kuumuka. Nimezungumza na msimamizi. Uzi amesema atamsindikiza mama mpaka hapa kiwandani kila asubuhi, kwa sababu ana deni la mayai. Tutakula pamoja nyuma, kwenye meza ya kukandia, mayai yake na kipande chake cha mkate, nimekaa kwenye kiti kabisa. Mchana atakula tena nikirudi, na tutapima. Ikipanda, kosa litakuwa la wali na nitalibeba mwenyewe.

Kitanda usikiuze. Atakuja tena kwako. Na mimi nitakuja, kama utanikaribisha.

Dada yako,
Tanuri


Jumapili, tarehe 31 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii anakuja nayo mama mwenyewe, kwenye kiti cha mbele cha lori la unga. Hajui kilichomo. Dereva ameahidi kwenda taratibu, na mfuko wa vidonge uko kwenye pochi, si kwenye begi.

Umeniuliza kwa nini sikuruka ile sehemu. Niliinua kalamu, nikataka kuiruka. Lakini nilikuwa nimeshakuandikia kwamba kwangu anakula kwa sababu roho yake imetua. Niliyaandika maneno yale nikiwa najiona. Nikasema acha na haya niyaandike, kwa mkono uleule.

Wewe ulikuwa na wivu wa gauni. Mimi sasa nina wivu wa njaa, na wa kwangu una aibu kuliko wako, maana hata kumwambia mtu siwezi. Nitamwambia nani kwamba nimeumia kwa sababu mama yangu mgonjwa anakula vizuri nyumbani kwangu?

Jana ilikuwa Jumamosi, sikwenda kazini. Nilimwambia mama mapema kwamba siku hiyo tutakula asubuhi pamoja, mimi na yeye, nikapanga vikombe viwili. Kisha sikutoka chumbani. Niliamka kama kawaida nikalala hivyohivyo macho wazi, makusudi kabisa, mwanamke mzima. Nilitaka kuona tu kama na mimi atanisubiri. Nilimsikia akivuta kiti. Nikasikia kijiko kwenye kikombe. Nikajiambia anakoroga kupoteza muda. Jua likaingia hadi kitandani. Nilipotoka, sahani yake ilikuwa imeoshwa na kikombe changu kimefunikwa.

"Katibu, umeamka?" akasema. "Mimi nimeshakula. Si mlisema nisikae na njaa?"

Alikuwa amefuata maneno yangu, nami nikamsifu, nikasema hivyo ndivyo, mama.

Lakini Dada, sahani safi haikunitosha. Kwako nayo ilikuwa safi. Nikatoka mpaka getini kumwangalia mlinzi, kama kuna mayai yameshuka kwake. Alikuwa anatafuna mkate wake mkavu, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikabaki na tumaini moja tu. Tukala mchana, tukangoja kama inavyotakiwa, nikamtoboa kidole mwenyewe, nikakigeuza kile kimashine upande wangu ili niwe wa kwanza kuona.

Ilisoma saba. Haijawahi kuwa nzuri hivyo tangu aje. Mama alipiga makofi. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba ipande, hata kidogo tu.

Mlishe mapema.

Katibu